Gari la Watu Wanane

Chui hana miadi na mtu. Wageni wangu huambiwa hivyo mapema, kabla hatujapita Limuru kuelekea Nakuru, ili atakayemkosa asidhani amedhulumiwa. Niliyarudia maneno hayo siku akina mama wa chama kimoja cha Uthiru walipopanda ngazi hadi ofisini kwetu, Moi Avenue, wakasema wamechanga vya kutosha na sasa wanataka kwenda kuona mwanga wa kaskazini. Mwenyekiti wao ni mwalimu mstaafu, na hata wenzake humwita Mwalimu. Alikuwa na swali moja tu. "Mwanangu, tukilipa, tutauona?"

Nilimwambia hakuna kampuni duniani inayouza mwanga huo. Wanachouza ni usiku mmoja, gari, na mtu anayejua pa kwenda mawingu yakifunga. Akanitazama kama walimu wanavyotazama jibu lililo sahihi lakini fupi mno, akasema, "Basi tueleze, mtu huyo tutamjuaje?" Tangu tuliporudi, karibu kila wiki kuna anayenipigia simu au kunisimamisha kwenye foleni ya matatu ya 23 kuuliza habari za safari ile. Wengi huulizia mwanga. Mimi huwarudisha kwenye swali la Mwalimu, maana hilo ndilo linaloamua kama pesa yako imeliwa na wingu au la.

Mwanga wenyewe hutoka mbali. Jua, lililo umbali wa kilomita milioni 150, hupuliza upepo wa chembe zenye umeme, unaokwenda kwa kasi ya kilomita 400 hivi kila sekunde. Mara nyingine hulipuka na kurusha wingu zima la chembe hizo, likatufikia baada ya siku moja hadi tatu. Dunia nayo ni sumaku. Nguvu ya upepo huo hujikusanya upande wa usiku wa Dunia, kisha elektroni husukumwa zikafuata mistari ya sumaku, ambayo karibu na ncha husimama wima na kushuka ardhini. Huko njiani zinagonga hewa. Oksijeni iliyo kati ya kilomita 100 na 150 juu hutoa kijani, rangi inayoonekana zaidi. Oksijeni iliyo juu ya kilomita 200 hutoa nyekundu. Naitrojeni huongeza zambarau na waridi, hasa ukingoni chini, pazia linapocheza kwa nguvu.

Kwetu hauji. Ikweta ya sumaku hupita Ethiopia, na juu ya Afrika Mashariki mistari ile imelala zaidi kuliko kusimama, kwa hiyo elektroni hazina ngazi ya kushukia. Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024, siku ambayo serikali ilitoa mapumziko ili tupande miti na kuwakumbuka waliokufa katika mafuriko, dhoruba ya Jua kubwa kuliko zote za miaka ishirini iliyotangulia iliipiga Dunia. Mwanga ukaonekana hata Afrika Kusini. Usiku ule simu yangu ilijaa picha za watu, na jamaa wa Kangemi wakiuliza watoke nje watazame upande gani. Hakukuwa na upande. Aliye Nairobi hana budi kusafiri.

Mwanga hukaa katika duara linalozunguka ncha ya sumaku, na Tromsø, mji wa Norway ulio kilomita 350 hivi kaskazini ya Duara la Aktiki, uko chini yake hata siku Jua limetulia. Msimu bora ni kuanzia mwisho wa Septemba hadi mwisho wa Machi. Nje ya hapo giza la usiku hupungua upesi, na kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Julai jua halizami kabisa. Desemba watu hupenda kwa ajili ya Krismasi, lakini mwezi huo jua halichomozi, mchana ni saa chache za rangi ya buluu, na wazee huchoka upesi. Sisi tulichagua Machi. Karibu na siku ambazo mchana na usiku hulingana, sumaku ya Dunia na ile inayobebwa na upepo wa Jua hukaa katika pembe inayofungua mlango zaidi. Tena mchana wa Machi una jua la kumtosha mama wa miaka sabini kutembea mjini bila kuteleza.

Kinachobaki ni wingu, na wingu ndilo adui pekee ninayemheshimu katika kazi hii. Heshima hiyo niliipata Turkana. Tarehe 3 Novemba 2013 kivuli cha kupatwa kwa jua kilivuka Gabon, Kongo na Uganda, kikapita juu ya Ziwa Turkana kuelekea Ethiopia na Somalia. Wageni walikuja kutoka mabara mengine hadi Sibiloi kwa ajili ya sekunde chache za giza la mchana. Muda mfupi kabla ya sekunde hizo, upepo ukainua mchanga, wingu likafunga, na wengi waliosimama pale hawakuona kitu. Hakukuwa na la kufanya, kwa sababu kivuli cha mwezi hakikupi nafasi hata ya kuwasha gari. Mwanga wa kaskazini una huruma kuliko hivyo. Usiku ni mrefu. Ukiukosa saa tatu hapa, unaweza kuupata saa sita kilomita 150 kutoka hapa, mradi uko ndani ya gari linaloweza kwenda.

Ndipo idadi ya abiria inapokuwa jambo zito. Kule Tromsø kuna mabasi makubwa ya watu arobaini na zaidi. Bei yake ni nafuu, na mengi huenda kwenye kambi maalumu yenye hema, moto na supu, yakakaa hapo hadi muda uishe. Siwalaumu wenye mabasi hayo. Basi la watu arobaini haliegeshwi popote penye barafu. Kushuka kwa abiria peke yake ni nusu saa, na dereva akiona mwanya wa nyota bonde la pili, hana namna ya kuwarudisha wote ndani kabla mwanya haujafungwa. Gari la watu wanane hugeuka katika njia ya shamba. Tumeyaona hayo Maasai Mara: magari yakijazana kumzunguka chui mmoja, mgeni hupata picha ya paa la gari la jirani. Mwenye gari moja na wageni wachache, anayejua kungoja upande wa pili wa kichaka, ndiye anayemwona mnyama akitoka.

Kwa gari dogo, safari ya usiku mmoja kule huwa kati ya kroner 1,200 na 2,000 kwa mtu. Kwa viwango vya karibuni hiyo ni kama shilingi 15,000 hadi 25,000. Akina mama walishtuka, nami nikawaambia ukweli: katika safari nzima, hapo ndipo pa mwisho pa kubana matumizi. Bana hotelini. Bana kwenye chakula, kwa maana mji ule ni ghali na jiko la kukodi hutosha, na akina mama walipika ugali kwa unga waliobeba. Usiku wa gari usiubane.

Maandalizi tuliyafanya huku huku magharibi ya jiji. Norway haimo katika Umoja wa Ulaya, ila imo katika eneo la Schengen, na maombi tuliyapeleka kituo cha kupokea viza Westlands. Ada ni Euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari lazima ifikie Euro 30,000. Wastaafu wanadhani hawatapewa kwa kuwa hawana barua ya mwajiri. Taarifa za benki zinazoonyesha pensheni ikiingia kila mwezi, hati ya shamba, na barua ya chama yenye majina na sahihi zilitosha. Mama mmoja alirudia kuweka vidole kwenye mashine mara kadhaa kwa sababu jembe limezifuta alama. Aliyekuwa mezani alimngoja kwa upole, akampa tishu yenye maji, zikasomeka.

Nguo tulinunua soko la Toi. Ukitoka Adams Arcade ukaingia kati ya vibanda, utapata majaketi ya kuteleza kwenye theluji yaliyokuja na marobota ya mitumba, na kwa shilingi elfu moja na mia tano unavaa kitu ambacho Oslo kingekugharimu mara nyingi zaidi. Fungua na ufunge zipu yote kabla ya kulipa. Kinachogusa ngozi kiwe sufu. Pamba hunyonya jasho ikabaki na unyevu, na unyevu ndio unaomgandisha mtu. Viatu vizito msihangaike navyo: kampuni nzuri za magari madogo hukuvalisha suti nzito ya joto na viatu vyake, na hilo liwe swali la kuuliza kabla ya kulipa. Anayedhani ameijua baridi kwa sababu amelala Limuru mwezi wa Julai, ajue kwamba ule ni utangulizi tu.

Kule Tromsø, kiongozi wetu alikuwa kijana mwembamba, mpole, na nilimpenda tangu alipofungua simu yake. Hakuanza na ile namba ya Kp ambayo wageni wote huishika, kipimo cha msukosuko wa sumaku kinachokwenda kutoka 0 hadi 9. Kule juu hata 1 au 2 hutosha. Alianza na picha za setilaiti za mawingu, kisha akawapigia wenzake watatu walioko barabara tofauti, kama sisi tunavyoitana kwenye redio. Halafu akatwambia bila kupamba: pwani imefunga, visiwani hatutaona kitu, tutaendesha gari saa mbili na zaidi, na huenda tukarudi alfajiri. Asiyetaka ashuke sasa arudishiwe pesa yake. Hapo nikamgeukia Mwalimu nikamwambia kwa Kiswahili, "Huyu ndiye."

Tulifuata barabara ya E8, fiodi upande mmoja na milima upande mwingine, tukapita Nordkjosbotn hadi Skibotn. Milima ya Lyngen huyazuia mawingu ya bahari, kwa hiyo bonde la Skibotn hupata mvua kidogo na anga safi. Chuo Kikuu cha Tromsø kimejenga kituo chake cha kutazama nyota pale kwa sababu hiyo hiyo. Akina mama waliuliza mbona hakuna taa za nyumba. Kiongozi naye akauliza tunatoka wapi, na aliposikia Kenya, akataja jina la Philip Boit kabla ya jina la mwanariadha mwingine yeyote. Mwaka 1998 huko Nagano, Boit alikuwa Mkenya wa kwanza katika Olimpiki za majira ya baridi, akamaliza wa mwisho mbio za kilomita 10 za kuteleza, na Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyekuwa ameshinda zamani, akakataa kuondoka hadi Mkenya afike, akamkumbatia. Mwalimu akamjulisha kijana kwamba Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Alikuwa halijui hilo. Nadhani kuanzia hapo alituendesha kama jamaa zake.

Skibotn nako kulikuwa na utando. Tukapanda mlima hadi mpaka wa Finland, upande wa Kilpisjärvi. Hakuna kizuizi, ila kiongozi alihakikisha tangu Tromsø kwamba kila mtu ana pasipoti mfukoni, kwa kuwa ukaguzi huweza kuwepo wakati wowote na viza yetu ndiyo inayotufikisha pande zote mbili. Akazima taa zote za gari, hata ile ndogo ya dari. Akatuomba tuzime simu hadi macho yazoee. Ilikuwa nyuzi kumi na kitu chini ya sufuri.

Kwanza palikuwa na ukanda wa kijivu, kutoka mlima hadi mlima. Mama mmoja akasema kwa huzuni kwamba hata hapa wingu limetufuata. Kiongozi mbaya angenyamaza, au angeonyesha picha ya kamera yake iliyo kijani kibichi na kusema mmeuona. Yeye alieleza. Jicho gizani hutumia seli zinazoona mwanga hafifu lakini hazitambui rangi vizuri, ilhali kamera hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo mwanga dhaifu huwa wa kijivu kwa macho na wa kijani kwenye picha. Ule pale ni mwanga, akasema, lakini sitaki mwende nyumbani mkidhani ndio huu. Ngojeni. Akatugawia maji ya matunda ya moto, nasi tukafungua chupa yetu ya chai ya tangawizi.

Nimesimama na wageni mbele ya simba waliozaa jana yake, nimewaona watu wazima wakilia Mara nyumbu wanapovuka mto. Sikuwa tayari kwa kilichofuata. Ukanda ule ulikunjana upande wa mashariki, ukapata kijani cha waziwazi, kisha ukapanda hadi utosini na kufunguka, mikunjo ikikimbia kutoka upeo mmoja hadi mwingine kwa kasi ambayo shingo haiwezi kuifuata, na ukingo wake wa chini ukawa wa waridi. Theluji nayo ikawa ya kijani. Niliona uso wa Mwalimu kwa mwanga huo. Akina mama walipiga vigelegele kama bibi harusi ameingia, na yule wa vidole vilivyofutwa na jembe akampigia simu mjukuu wake Kinoo, akimwelezea kwa Kikuyu kwa sauti ya juu, ingawa huko nyumbani ilikuwa karibu kunakucha.

Kijana alicheka kwa furaha, akatwambia ya kwamba Wasami, wenyeji wa nchi ile na wafugaji wa kulungu wa theluji, waliwakataza watoto wao kupiga mluzi mwanga ukiwa juu, usije ukashuka kuwachukua. Akina mama wakatazamana. Hakuna hata mmoja wao aliyelelewa akiruhusiwa kupiga mluzi usiku. Vigelegele, wakaamua, havimo katika katazo hilo, wakaendelea.

Ulidumu dakika chache kwa nguvu ile, ukafifia, ukarudi mara nyingine bila haraka. Mwalimu aliutumia muda huo kutafuta nyota. Alifundisha jiografia maisha yake yote, akichora ubaoni Nyota ya Kaskazini ambayo Nairobi, iliyo kusini kidogo ya ikweta, haionekani kamwe. Kule ilikuwa juu sana, karibu nyuzi 70 kutoka upeo wa macho. Alisimama akiitazama, mgongo kwa mwanga wa kijani, na hakutaka kuitwa.

Si kila mtu atakwenda Norway, na kwa wale wanaoniuliza kuhusu gharama nina jibu lingine ambalo nalitoa kwa moyo wote. Kristian Birkeland, Mnorway aliyeonyesha kwa mpira wa sumaku ndani ya chombo cha kioo jinsi elektroni zinavyotengeneza duara la mwanga nchani, alitumia miaka yake ya mwisho Afrika. Kuanzia 1913 aliishi Helwan, Misri, akichunguza mwanga mwingine: ule mnara hafifu wa weupe unaosimama magharibi giza likishaingia, au mashariki kabla ya mapambazuko, jua likiangazia vumbi lililoko kati ya sayari. Kadiri unavyoikaribia ikweta ndivyo mnara huo unavyosimama wima. Watu wa kaskazini huutafuta kwa shida, na sisi tunao mwaka mzima.

Kutoka Uthiru huuoni. Taa za Waiyaki Way na mabango ya Westlands zimeimeza anga. Lakini ukishuka barabara ya Magadi baada ya Kiserian, ukapita Olepolos na kuuacha mlima nyuma, usiku usio na mwezi utakuonyesha mnara ule, Msalaba wa Kusini upande mmoja na nyota saba za Dubu Mkubwa upande mwingine. Susan Murabana na mumewe Chu Owen, waanzilishi wa Travelling Telescope hapa Nairobi, wamekuwa wakipeleka darubini kwa watoto wa shule na kuongoza safari za nyota hadi Samburu. Ningependa kuona waongozaji watalii wenzangu wakijifunza anga kama tunavyojifunza ndege kwa ajili ya mtihani wa beji ya uongozaji. Mgeni aliyelala kambini hukaa gizani saa nyingi, na wengi wetu humpeleka hemani mara tu chakula kinapoisha.

Kwa wanaokwenda: Jua lilifikia kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi mwaka 2024, na watu huniuliza kama wamechelewa. Hawajachelewa. Baada ya kilele kuna miaka kadhaa ambayo matundu kwenye angahewa ya Jua hurusha upepo wa kasi unaorudi kila baada ya siku 27 hivi, Jua linapojizungusha, na Tromsø hunufaika nao. Kabla ya kulipa, uliza gari hubeba wangapi, kama linavuka mpaka mawingu yakifunga, wanafanya nini usiku ukiwa hauna tumaini, na nani hasa ataendesha. Wekeni siku zisizopungua nne za kulala mjini, ili wingu likishika moja mbaki na nyingine. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Chama cha walimu wa Kangemi kinachotaka Machi kimekwishanipa nakala za pasipoti, na Jumamosi tunakutana Toi saa mbili asubuhi, marobota yanapofunguliwa.